Mashindano ya Mifumo ya Kompyuta Katika Ofisi Zetu, Toka 1965



Mhariri wa jarida letu ameniomba makala ya historia, na najua wengi wenu mlitazamia niandike juu ya watemi wa Ufipa, au juu ya malungu, yale matanuri marefu ambamo babu zetu waliyeyusha chuma. Habari hizo zimeandikwa na watu wanaozijua kuliko mimi. Mimi nimeitumikia Serikali kwa karibu miaka ishirini katika vyumba ambavyo wananchi hawaviingii, vyumba vya seva, na nimeona yafaa niandike historia ya kitu ambacho hapa Chanji wachache wamekiona kwa macho, ilhali kimemgusa kila mmoja wetu: mwalimu anayengoja mshahara, mfanyabiashara anayelipia leseni halmashauri, hata mkulima anayelipwa fedha ya mahindi aliyoiuzia Serikali.

Kitu hicho kinaitwa mfumo endeshi. Wanafunzi mliopo mtanielewa upesi nikisema kwamba kompyuta ni shule na mfumo endeshi ni mwalimu wa zamu. Yeye siku hiyo hafundishi hesabu wala jiografia. Kazi yake ni kugonga kengele, kugawa vyumba, kuamua nani aingie stoo na nani asubiri, na kuwatenganisha wanaogombana. Masomo yenyewe, yaani programu za mishahara, za stakabadhi na za madaftari ya fedha, hufundishwa na wengine. Seva nayo ni kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine. Hukaa katika chumba kilichofungwa, na majalada ya ofisi nzima yamo ndani yake. Mwalimu wa zamu akizembea katika kompyuta ya karani, karani mmoja huumia. Akizembea katika seva, ofisi nzima hukaa ikitazamana.

Makampuni makubwa ya dunia yamepigana miaka mingi kugombea nafasi ya mwalimu huyo wa zamu. Ninachotaka kuwaonyesha ni jinsi vita hivyo vilivyotufikia sisi, maana watu wengi hudhani kuwa Serikali ilikaa ikapima mfumo huu na ule, kisha ikachagua ulio bora. Haikuwa hivyo. Katika ofisi zetu daftari la fedha ndilo lililochagua, na mfumo endeshi ukaingia nyuma yake kama mzigo uliofungwa pamoja na bidhaa.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, mtambo uliouzwa na kampuni ya Kiingereza ingawa kwa asili ulikuwa wa RCA ya Marekani, ukiitwa kwao RCA 301. Baadaye zikaja za mfululizo wa 1900, na kampuni yenyewe ikaungana na nyingine mwaka 1968 na kuitwa ICL. Ilipofika mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba.

Siku hizo hakukuwa na soko la mifumo endeshi kwa maana ya leo. Aliyenunua mtambo alinunua na mfumo wake, kama anunuaye ng'ombe na mkia wake. Mitambo ya 1900 ilikuwa na mfumo wake ulioitwa George, na George hakufanya kazi kwenye mtambo wa IBM, wala wa IBM haukufanya kazi kwa ICL. Hata programu iliyoandikwa kwa ile 1500 haikuweza kuhamia kwenye 1900 bila kuandikwa upya, ingawa muuzaji alikuwa mmoja. Kwa hiyo aliyekwisha kununua alikuwa amefungwa, na kadiri alivyoweka hesabu zake nyingi ndani ya mtambo ndivyo kamba ilivyozidi kukaza.

Hazina ilijaribu kuzihamishia hesabu za Serikali ndani ya mitambo hiyo. Kazi ilikuwa mikononi mwa wataalamu wa kigeni, na matokeo yake yalikuwa mabaya: hesabu zikavurugika, fedha nyingi za kigeni zikapotea, na ikabidi kurudi katika njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Amri hiyo iligusa na televisheni pia. Ni mwaka huo huo mkoa wetu wa Rukwa ulipoundwa. Basi mkoa wetu umezaliwa pamoja na marufuku, na kwa miaka yake ya mwanzo hesabu zake zote ziliandikwa kwa kalamu katika vitabu vikubwa, ambavyo vingine nimevishika kwa mikono yangu na mwandiko wake ni wa kuonewa wivu.

Vijana wa leo huicheka amri ile. Mimi siicheki. Nchi iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni, na ambayo imeliwa mara moja na mtambo isioweza kuutengeneza, ilikuwa na haki ya kufunga mlango. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba mlango ulipofungwa haukufunguliwa dirisha la kusomesha watu. Marufuku ililegezwa polepole katika miaka ya 1980, vibali vikawa vinatolewa kwa maombi, na biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990 kompyuta ndogo zikamiminika. Lakini kizazi kizima cha wahasibu na watawala kilikuwa kimepita bila kuzoea kuuliza maswali ambayo mnunuzi wa kompyuta lazima aulize. Mlango ulipofunguka tulikuwa wanunuzi wageni katika soko la watu wazoefu.

Na soko lenyewe lilikuwa limechafuka. Kulikuwa na Unix, iliyoanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani. Mfumo imara, lakini makampuni yalikuwa yameugawana hata kila mmoja akawa na Unix yake isiyopatana na ya jirani, na mitambo yake mingi ilikuwa ya bei kubwa. Kulikuwa na NetWare ya kampuni ya Novell, iliyotoka mwaka 1983, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndiyo iliyotawala ofisi zilizounganisha kompyuta ndogo ndogo. NetWare ilikuwa hodari wa kutunza majalada na kugawa mashine ya kupiga chapa kwa watu wengi. Nimewahi kukutana na wazee wa kazi hii wanaoapa kuwa seva ya NetWare iliweza kukaa mwaka mzima bila kuzimwa. Udhaifu wake ulikuwa katika kubeba programu nzito zenyewe, kama za madaftari ya fedha. Stoo ilikuwa na mtunza stoo mzuri, ila stoo haikuwa darasa.

Hapo ndipo Microsoft ilipoingia. Mwezi Julai 1993 ilitoa Windows NT, iliyobuniwa chini ya Dave Cutler, mtu aliyetoka kampuni ya Digital, na mwaka 1996 ikatoa toleo la 4.0. NT haikuwa imara kama Unix, wala haikuwashinda NetWare katika majalada. Lakini ilifanya kazi zote mbili, kutunza na kubeba programu, kwenye mashine ya bei ya kawaida, na sura yake ilifanana na ile ambayo karani alikuwa ameizoea mezani kwake. Zaidi ya hayo Microsoft ilikuwa na hifadhidata yake, SQL Server, na tangu ilipoachana na washirika wake wa zamani hifadhidata hiyo ilikubali kukaa juu ya Windows peke yake. Shikeni jambo hili, maana ndilo kiini cha habari.

Sasa turudi nyumbani. Katikati ya miaka ya 1990 Hazina ilikuwa taabani. Wizara ziliagiza vitu bila fedha, madeni yakarundikana, na mwaka 1996 Serikali ikaanza utaratibu wa kutumia kile tu kilichokusanywa. Utaratibu kama huo hauwezekani kwa vitabu vya mkono, kwa sababu ni lazima mtu mmoja aone kwa wakati mmoja kila wizara imeagiza nini. Ndipo ukaletwa mfumo wa pamoja wa usimamizi wa fedha, ulioanza kutumika katika wizara mwaka 1998. Programu iliyochaguliwa ilikuwa ya kampuni ya Platinum ya Marekani, ambayo mwaka 1999 ilibadili jina ikawa Epicor. Kwa jina hilo la Epicor ndivyo wahasibu wote wa Serikali walivyouita mfumo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Epicor iliandika madaftari yake ndani ya SQL Server. SQL Server ilikaa juu ya Windows tu. Kwa hiyo siku Hazina ilipochagua daftari, ilikuwa imekwisha kuchagua hifadhidata, na mfumo endeshi, na leseni ya seva, na leseni ya kila karani anayeigusa seva hiyo. Swali la Unix au NetWare halikupata hata nafasi ya kuulizwa. Na kadiri mfumo ulivyosambaa kutoka wizarani kwenda Hazina Ndogo za mikoa na baadaye halmashauri, Windows ilisambaa nao hadi kwenye uwanda wetu wa juu.

Ni lazima niseme haki: kazi iliyokusudiwa ilifanyika. LPO ikawa haitoki bila fedha kuwapo katika kifungu, na mtu wa Hazina akaweza kuona matumizi ya wizara bila kungoja taarifa ya robo mwaka. Wale wanaosema kuwa tuliuziwa kitu kibovu hawakuyaona madaftari ya kabla yake. Malalamiko yangu yako mahali pengine, na nitayaeleza kwa mfano mmoja.

Katika miaka ya mwanzo ya utumishi wangu nilikuwa katika ofisi moja ya mkoa ambayo sitaitaja. Ilikuwa mwishoni mwa Juni, wakati wa kufunga hesabu. Umeme ulikatika, betri ya akiba ikaisha, na uliporudi seva ikakataa kuamka. Mimi na mwenzangu tulikuwa wahitimu wa chuo kikuu, na tuliona wazi kuwa diski ilikuwa salama na kwamba ni mfumo endeshi uliojeruhiwa. Hatukuruhusiwa kuugusa. Neno la siri la msimamizi mkuu lilikuwa kwa fundi wa mkandarasi, Dar es Salaam. Fundi akapanda basi. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa bado ya vumbi, na alipofika siku ya tatu koti lake lilikuwa na rangi ya matofali. Akatoa CD kwenye mkoba, akafanya kazi ya saa mbili, akatupa mkono, akaondoka na neno lake la siri. Wahasibu walikesha usiku mitatu kufidia siku zilizopotea. Hakuna aliyefanya kosa katika habari hii. Kila mmoja alifuata mkataba. Lakini hesabu za mkoa mzima zilikuwa zimefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake hulala umbali wa zaidi ya kilometa elfu.

Kumbukeni pia kwamba umeme wetu Sumbawanga kwa miaka mingi ulitoka Zambia kupitia Mbala, na ulipokatika huko, simu ya kulalamika haikuwa na pa kwenda. Seva za nchi zilizotengeneza mifumo hii hazikubuniwa kwa maisha ya namna hiyo.

Wakati huo dunia ilikuwa imekwisha kupata mshindani mpya. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika mfumo endeshi wa aina ya Unix, akauweka wazi ili yeyote ausome, aubadili na kuugawa bure. Ndio Linux. Wataalamu wa mwanzo waliudharau. Lakini watoa huduma za intaneti waliupenda kwa sababu hauna leseni ya kulipia na hulala macho wazi, na mwaka 2001 IBM yenyewe ilikuwa imetenga dola bilioni moja kwa ajili yake. Katika mwaka huo huo mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, akaufananisha na saratani. Mtu hatukani kitu kisichomtisha.

Kwetu huku Linux na ndugu zake waliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia vyuo na mafunzo. Toka mwaka 2000 wahandisi wa mitandao wa Afrika walikuwa wakikutana kila mwaka katika mafunzo ya AfNOG, mara Kampala, mara Nairobi, na mwaka 2011 Dar es Salaam, na somo lao kubwa lilikuwa seva za aina ya Unix ambazo mtu huzifungua na kuzitazama matumbo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam idara ya sayansi ya kompyuta ilishirikiana na Waswidi katika mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 ikatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hizo si za seva, nakubali, lakini zilikuwa na athari kwetu sisi vijana wa wakati ule: kwa mara ya kwanza tuliona watu tunaowafahamu wakifungua programu ya dunia na kuandika ndani yake. Microsoft nayo haikuchelewa kuleta Windows kwa Kiswahili. Mashindano yana faida zake. Pia kulikuwa na Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, ambayo kwa miaka kadhaa ilituma CD bure kwa posta popote duniani. Bahasha yangu ilinifikia kwenye sanduku la posta bila hata senti ya ushuru, na karani wa posta akaniuliza ni kanda za dini gani.

Wizara ya Afya ndiko mabadiliko yalikoonekana mapema. Takwimu za zahanati na hospitali zilikuwa zikiwekwa katika programu iitwayo DHIS, iliyozaliwa Afrika ya Kusini baada ya 1994 ikikuzwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo. Toleo la kwanza lilifanya kazi ndani ya Windows peke yake, wilaya moja kompyuta moja, na takwimu zikasafiri kwa diski. Toleo la pili liliandikwa upya, na halikujali mfumo endeshi ulio chini yake. Kenya ililifunga kwenye seva moja ya taifa mwaka 2011, na Tanzania Bara ilikuwa imelisambaza nchi nzima ilipofika 2013. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa walioijenga, si walioitumia tu. Mganga wa zahanati ya kando ya Ziwa Rukwa hakujua wala hakuhitaji kujua kama seva ni ya Linux au Windows. Yeye alifungua ukurasa, akaandika.

Huo ndio ugeuko mkubwa wa habari yetu, na ulitokea bila kishindo. Programu zilipohamia kwenye kurasa zinazofunguliwa kwa mtandao, ile kamba iliyofunga daftari na mfumo endeshi ililegea. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano, uliojengwa toka 2009, ukawezesha mikoa ya mbali kuifikia seva iliyoko mbali bila kuweka yake. Mwaka 2012 ukaanzishwa Wakala wa Serikali Mtandao, ambao kwa sheria ya 2019 ukawa Mamlaka. Mwaka 2017 wataalamu wa Wizara ya Fedha wenyewe wakatoa mfumo wa malipo ya Serikali unaotoa ile namba ya malipo ambayo kila mzazi wa shule yetu anaijua kwa jina la kontroo namba. Kisha kuanzia 2019 wakaleta MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliojengwa na vijana wa hapa hapa, na hatua kwa hatua ukachukua nafasi ya Epicor wizarani na baadaye katika halmashauri.

Baadhi ya wenzangu husema kwa furaha kuwa Linux imeshinda na Microsoft imeshindwa. Mimi siungi mkono. Ukiingia katika ofisi nyingi leo, seva inayosimamia majina na maneno ya siri ya watumishi bado ni ya Windows, na inafanya kazi yake vizuri. Wala vya bure havina usalama wa milele: Desemba 2020 kampuni ya Red Hat, iliyonunuliwa na IBM mwaka mmoja kabla kwa dola bilioni 34, ilitangaza kuwa CentOS, Linux ya bure iliyotegemewa na seva nyingi mno duniani, ingekoma kwa toleo lake jipya mwishoni mwa 2021. Watu waliokuwa wakijisifu kuwa hawana bwana waligundua kuwa walikuwa naye. Tofauti ni moja, nayo si ndogo: maandishi ya programu yalikuwa wazi, na kwa hiyo wengine waliyachukua wakaendeleza kazi kwa majina mapya ya AlmaLinux na Rocky. Mwaka 2015, msaada wa Windows Server 2003 ulipokoma, hapakuwa na wa kuyachukua.

Na ule ukuta ulioamua mambo yetu mwaka 1998 umebomolewa na waliouojenga. Mwaka 2017 Microsoft ilitoa SQL Server inayofanya kazi juu ya Linux. Kama ingekuwapo miaka kumi na tisa mapema, pengine Hazina ingekuwa na jambo la kuchagua. Ilipokuja, Hazina ilikuwa imekwisha kuanza kujijengea mifumo yake.

Zile seva za zamani hazijaondoka zote. Katika ofisi moja ninayoifahamu ipo moja imefunikwa kitambaa kwenye kona, kwa sababu hesabu za miaka ya nyuma zimo ndani yake. Wakaguzi wakiomba malipo ya mwaka fulani, kijana wa TEHAMA hukitoa kitambaa, huiwasha, na hukaa kuisubiri. Neno la siri sasa limo kwenye bahasha, ndani ya kasiki la mhasibu mkuu.